Mshipa Uliogandishwa, Damu Isiyotakiwa Kuganda

Shangazi yangu aliingia hospitalini akiwa ameshika kopo la plastiki kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mayai. Ndani mlikuwa na vidole viwili vya mwanawe. Mkanda wa mashine ya kupukuchua mahindi ulikuwa umevinyofoa asubuhi ile huko Kibaigwa, msimu ule ambao malori hukesha barabarani yakisubiri mzigo. Msamaria mmoja alishauri vidole viwekwe kwenye friza ya duka la soda mpaka usafiri upatikane. Usafiri ulichelewa. Vilipofika Dodoma mjini vilikuwa vigumu kama kokoto. Ukilitikisa kopo unasikia vinagonga.

Daktari alivitazama kwa muda. "Pole sana, mama," akasema. "Hivi vimeshaganda. Hata tukivishona, havitaishi."

Shangazi hakuelewa, na mimi pia sikuelewa. Sote tumekua tukijua kwamba baridi hutunza. Nyama hukaa kwenye baridi, samaki kutoka Mtera husafirishwa na barafu, chanjo za watoto hubebwa kwenye kisanduku cha baridi hadi vijijini. Iweje baridi iue vidole?

Miaka ilipita, nikaanza kuandika habari za afya, na siku moja nikakutana na jambo lililonirudisha kwenye lile kopo. Duniani kuna hospitali zinazochukua mshipa wa damu kutoka kwa mtu aliyefariki, zikaugandisha kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, zikautunza hata kwa miaka, kisha zikauyeyusha na kuushona kwenye mwili wa mgonjwa mwingine. Na damu inapita. Friza ya duka la soda ina nyuzi kama 18 tu chini ya sifuri. Baridi ndogo iliua vidole vya binamu yangu, na baridi kali kuliko hiyo inatunza mshipa. Jambo hili lilinisumbua hadi nikalifuata kwa wanaolijua, na nilichojifunza ni kwamba tunachanganya maswali matatu tukidhani ni moja. Je, mshipa unatoka kwenye baridi ukiwa mzima? Je, damu itapita ndani yake bila kuziba? Na je, mwili unaoupokea utaukubali? Baridi inajibu swali la kwanza tu. Mengine mawili yanabaki pale pale, na moja linakinzana na lingine.

Kiswahili chenyewe kinachangia mkanganyiko, kwa sababu tuna neno moja kwa mambo mawili. Maji yakiwa barafu tunasema yameganda. Damu ikifanya donge kwenye kidonda tunasema imeganda. Katika habari hii mshipa hugandishwa makusudi, na hofu kubwa ya daktari ni damu kuganda ndani yake baadaye. Kuganda kwa kwanza kunategemea joto na maji. Kuganda kwa pili ni kazi ya damu yenyewe, na hutokea katika joto la mwili. Msomaji akiyatenganisha haya mawili, atakuwa amefika nusu ya njia.

Kwanza, kwa nini mtu ahitaji kipande cha mshipa? Kidole kikikatwa, mfupa unaweza kuunganishwa kwa chuma chembamba na ngozi ikashonwa, lakini bila damu kuingia na kutoka, kidole kitakuwa cheusi ndani ya siku chache. Ateri inayolisha kidole cha mtu mzima ina upana wa takriban milimita 1, sawa na uzi wa tambi nyembamba. Kuunganisha kitu hicho kunahitaji hadubini ya upasuaji inayokuza mara 10 hadi 25, na uzi wenye unene wa sehemu 2 hadi 3 za mia za milimita, mwembamba kuliko unywele. Ukiudondosha sakafuni, umepotea. Huu ndio upasuaji wa hadubini.

Chimbuko lake ni huzuni ya watu wa Lyon, Ufaransa. Mwaka 1894 Rais Sadi Carnot alichomwa kisu katika mji huo, mshipa mkubwa wa ini ukakatwa, na madaktari waliomhudumia hawakuwa na namna ya kuushona. Alifariki. Kijana mmoja aliyekuwa akisomea udaktari pale, Alexis Carrel, hakukubali kwamba mshipa wa damu haushoneki. Alikwenda kujifunza kwa mwanamke fundi wa kudarizi, akajua kushika sindano nyembamba na uzi wa hariri. Kisha akabuni njia ya kuweka nyuzi tatu pembeni mwa mdomo wa mshipa na kuzivuta, ili duara ligeuke pembetatu na pande zake zinyooke, zishoneke kama pindo. Mwaka 1912 alipewa Tuzo ya Nobel. Mama zetu wanaodarizi vitambaa vya makochi wakati wa jua kali la Dodoma wanafanya kazi iliyo ndugu na ile, na mimi hufurahi sana kulikumbuka hilo. Carrel huyo huyo alijaribu pia kuhifadhi mishipa kwenye baridi isiyogandisha na kuipandikiza kwa mbwa, kwa hiyo wazo la kutunza mshipa limezaliwa pamoja na ufundi wa kuushona.

Baada yake kilichokosekana ni macho ya kuona mishipa midogo zaidi. Mwaka 1960 Julius Jacobson, huko Vermont, Marekani, alianza kushona mishipa midogo chini ya hadubini. Mwaka 1965, mjini Nara, Japani, Shigeo Komatsu na Susumu Tamai walirudisha dole gumba lililokatika kabisa, likaishi.

Sasa turudi Kibaigwa. Panga likikata kidole, mara nyingi mishipa hubaki na ncha safi na mtu anaweza kuzikutanisha. Mkanda wa mashine haukati, unavuta. Mshipa unaovutwa huchanika ndani kabla ya kukatika, kama uzi wa sweta unaotoka nje ya mfumo wake. Ukiangalia kwa nje unauona mzima, lakini utando wa ndani umepasuka, na damu ikigusa sehemu ile hufanya donge. Kwa hiyo daktari hukata nyuma, kidogo kidogo, mpaka afike penye mshipa mzima. Akimaliza, ncha mbili zimeachana sentimita mbili au tatu. Akizivuta kwa nguvu zikutane, zitabanwa na kuziba. Hapo ndipo panahitajika daraja.

Hata vidole vya binamu yangu visingegandishwa, vingehitaji daraja hilo. Na hitaji huwa kubwa zaidi kwa majeruhi wa bodaboda ambao mfupa wa ugoko umetoka nje na nyama imekwisha. Kuufunika mfupa ule daktari huchukua kipande cha nyama na ngozi kutoka paja au mgongo, pamoja na mshipa wake, na kukiunganisha na mishipa ya mguu. Lakini mishipa iliyo karibu na jeraha imepondwa. Inabidi kutafuta mzima mbali zaidi, na urefu unaotakiwa unaweza kupita sentimita 10.

Daraja bora linajulikana, nalo limo mwilini mwa mgonjwa: vena, ule mshipa wa kijani unaoonekana chini ya ngozi. Vena za upande wa ndani wa mkono na za juu ya unyayo zina upana unaolingana na ateri za vidole, na mwili unaweza kuzikosa bila madhara makubwa kwa kuwa damu hupata njia nyingine. Kuna jambo moja tu la kukumbuka. Ndani ya vena mna milango midogo inayoruhusu damu kwenda upande mmoja, kama vali ya tairi la baiskeli inayoingiza upepo na kuuzuia usirudi. Kwa hiyo vena ikiwekwa mahali pa ateri, hugeuzwa kichwa chini miguu juu. Jean Kunlin wa Paris alifanya hivyo kwenye mguu wa mgonjwa mwaka 1948, na hadi leo madaktari hufanya vilevile.

Mshipa wa mgonjwa mwenyewe hauna mpinzani. Hauleti ugomvi na kinga ya mwili, utando wake wa ndani uko hai, na haununuliwi. Lakini si kila mtu anao. Aliyeungua moto mikono na miguu hana pa kuchukua. Aliyekaa miaka akichomwa sindano za matibabu, vena zake zimekuwa kama kamba ngumu. Aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa namna hii mara mbili au tatu amekwisha kutumia akiba. Na hata mwenye nazo, kuzichukua ni jeraha jingine na muda mwingine mezani, wakati kila dakika nyama inakaa bila damu. Mirija ya plastiki inayotumika kwenye mishipa mikubwa ya tumbo na paja haisaidii hapa. Katika upana wa milimita moja au mbili huziba haraka. Hapo ndipo mtu anaanza kufikiria mshipa wa mtu mwingine, uliotunzwa tayari.

Na ili utunzwe lazima ugandishwe bila kuuawa. Hapa naomba msomaji anifuate hadi Mpwapwa.

Wafugaji wa Mpwapwa wamezoea utafiti wa mifugo tangu enzi za Wajerumani, na wengi wao wamemwona mtaalamu wa uhimilishaji akifungua mtungi wake. Ukungu mweupe unamwagika, naye anatoa kwa koleo mrija mwembamba wenye mbegu za dume. Mbegu zile zimetoka mbali, pengine Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kule Usa River, Arusha, na dume mwenyewe anaweza kuwa alishachinjwa zamani. Mrija unatumbukizwa kwenye maji ya uvuguvugu kwa muda mfupi, mbegu zinaamka, na miezi tisa baadaye kuna ndama. Yaani Mkoa wa Dodoma umekuwa ukiona seli hai zikitoka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri kwa miaka mingi, zizini, bila mtu kushangaa. Ndani ya mtungi ule mna naitrojeni iliyogeuzwa maji, na ndiyo hiyo hiyo inayotunza mishipa ya binadamu.

Siri haiko kwenye baridi. Iko kwenye kile kinachofanyika kabla ya baridi. Maji yanapoganda polepole, barafu hujengwa na maji matupu. Chumvi haina nafasi ndani yake na husukumwa nje. Ni kama Ziwa Singidani wakati wa kiangazi: maji yanapungua, chumvi inabaki, na maji yaliyosalia yanazidi kuwa makali. Seli iliyozungukwa na maji makali namna hiyo hunyonywa maji yake hadi ikasinyaa na kufa. Ukigandisha haraka mno ili kukwepa hilo, maji yaliyo ndani ya seli hayapati muda wa kutoka, yanageuka barafu humo humo, na vipande vya barafu vinachana kila kitu. Pole pole unakufa kwa chumvi. Haraka unakufa kwa barafu. Friza ya duka la soda ilivipa vidole vile kifo cha aina hiyo, tena bila kinga yoyote, na kwa nyuzi 18 barafu haikomi kazi yake. Inaendelea kujipanga upya na kukua, saa baada ya saa.

Njia ya kutokea iligunduliwa mwaka 1949 Uingereza, na Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes, waliokuwa wakijaribu kugandisha mbegu za jogoo. Waligundua kwamba glisarini huzilinda. Ni glisarini hii hii tunayopaka midomoni Juni na Julai upepo wa Dodoma unapotupasua ngozi. Inapenya ndani ya seli, inachukua nafasi ya sehemu ya maji, na inapunguza barafu inayoweza kujengeka. Miaka 10 baadaye James Lovelock na mwenzake walionyesha kwamba kemikali nyingine, dimethili salfoksaidi, inaingia kwenye seli kwa haraka zaidi. Hiyo ndiyo inayotumika sana kwa mishipa, kwa kawaida kiasi cha asilimia 10 ya mchanganyiko. Wagonjwa wanaoingiziwa seli zilizohifadhiwa nayo hutoa harufu ya kitunguu saumu mdomoni, kwa siku moja au mbili.

Mshipa ulioloweshwa hivyo hupozwa taratibu, takriban nyuzi 1 kwa dakika, kisha huhamishiwa kwenye mtungi wa naitrojeni, mara nyingi juu ya maji yake, ndani ya mvuke, ambako ni chini ya nyuzi 130 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo hata barafu haisogei tena. Muda umesimama. Hii ndiyo tofauti kati ya baridi ya duka na baridi ya mtungi: ile ya duka inapunguza mwendo wa uharibifu, ile ya mtungi inausimamisha.

Kuyeyusha nako kuna hatari yake, na hapa mshipa unaachana na mbegu za ng'ombe. Mbegu ni seli moja moja zinazoelea. Mshipa ni kitambaa kilichofumwa kwa matabaka. Katika baridi kali sana unakuwa kama kioo, na ukiutumbukiza ghafla kwenye maji ya moto unaweza kupata nyufa, kama glasi iliyotoka kwenye friji ikamiminiwa chai. Kwa hiyo hupandishwa joto taratibu mwanzoni, hadi utoke kwenye hali ya kioo, ndipo huharakishwa ndani ya maji ya nyuzi 37 ili barafu isipate nafasi ya kukua. Kisha kemikali huoshwa kwa hatua, maana ikikaa kwenye joto ni sumu kwa seli zile zile ilizozilinda.

Tuseme yote yamekwenda vizuri. Mshipa umetoka laini, unanyumbulika, unashoneka. Swali la kwanza limejibiwa. Watu wengi husimama hapa na kupiga makofi. Mimi naona kazi ngumu ndiyo inaanza.

Ndani ya kila mshipa kuna utando wenye unene wa seli moja tu. Utando huu ndio unaoizuia damu isigande: unatoa kemikali zinazoziambia chembe sahani zipite bila kushikana. Chini yake mna kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoushikilia ukuta wa mshipa, na chembe sahani zikiiona kolajeni zinaelewa kwamba kuna jeraha, zinakusanyika na kujenga donge. Ni kazi njema mtu anapojikata jikoni. Ni maafa ndani ya mshipa wa milimita moja. Na kati ya seli zote za mshipa, hizi za utando ndizo dhaifu zaidi mbele ya barafu, kemikali na mikono ya watu. Mshipa uliogandishwa vibaya hutoka ukiwa na ukuta imara na utando uliomenyeka, kama nyumba iliyopakwa rangi nzuri nje na sakafu ndani imeng'olewa. Katika ateri ya paja, yenye damu nyingi inayokimbia, donge dogo linaweza kusombwa. Katika ateri ya kidole hakuna nafasi ya kosa. Sehemu kubwa ya kushindwa kwa upasuaji wa hadubini hutokea ndani ya siku 3 za mwanzo, na chanzo kikuu ni donge.

Basi, mtu atasema, tuboreshe ugandishaji ili utando ubaki hai. Ni kweli, na wataalamu wanafanya hivyo. Lakini hapo linaingia swali la tatu na kuligeukia la pili.

Kila seli ya mwili hubeba juu yake alama zinazoitambulisha, zinazojulikana kwa herufi HLA. Zichukulie kama kitambulisho cha NIDA: kinga ya mwili hukagua, na asiyekuwa wa nyumbani hushambuliwa. Seli za utando wa ndani ndizo zinazogusana na damu ya mwenyeji moja kwa moja, na alama zake ni dhahiri. Kwa hiyo ukiuokoa utando, umeokoa pia kitambulisho cha mtu mwingine na kukiweka mbele ya askari. Ukiupoteza utando, umepunguza ugomvi lakini umeifunua kolajeni. Wanaoitazama teknolojia hii kwa matumaini na wanaoitilia shaka huwa wanazungumzia pande mbili za jambo hili moja. Baridi inaweza kupunguza ukali wa alama, haizifuti. Nimesikia watu wakisema mshipa uliogandishwa "hauna mwenyewe." Si kweli. Unatoka kwenye naitrojeni ukiwa bado na jina.

Kinga ya mwili, tena, ina kumbukumbu. Mwaka 1943 Thomas Gibson na Peter Medawar walichapisha habari za mwanamke aliyeungua, ambaye huko Glasgow, Uskoti, walimpandikizia ngozi ya kaka yake. Ngozi ile ilikataliwa baada ya siku kadhaa. Walipompandikizia kwa mara ya pili, ngozi ya kaka yule yule, ilikataliwa upesi zaidi. Mwili ulikuwa umejifunza.

Hili la kumbukumbu linatuhusu sana hapa Dodoma. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza kupandikiza figo mwaka 2018, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Japani, na figo hizo hutolewa na ndugu walio hai. Mgonjwa anayesafishwa damu huku akisubiri figo ya kaka au dada yake anahitaji mlango mzuri wa damu mkononi, na wengine mishipa yao imechoka. Katika nchi zenye benki za mishipa, wagonjwa kama hawa ni miongoni mwa waliowekewa mishipa iliyogandishwa. Lakini mshipa wa mgeni unaweza kuufundisha mwili kuzichukia alama za HLA ambazo, kwa bahati mbaya, zipo pia kwenye figo ya kaka anayesubiri. Siku ya kupimana damu, kaka aliyekuwa anafaa anaonekana hafai tena. Kwa maoni yangu, mgonjwa mwenye tumaini la kupata figo asiwekewe mshipa wa namna hii mpaka kila njia nyingine imejaribiwa, na aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, yeye na ndugu zake.

Kwenye miguu, ambako mishipa iliyogandishwa imetumika zaidi, hasa pale penye usaha ambapo mrija wa plastiki ungeoza pamoja na kidonda, uzoefu umeonyesha kwamba inaziba mapema kuliko mshipa wa mgonjwa mwenyewe. Kwa mtu anayetaka mguu udumu miaka 20 huo ni upungufu mkubwa. Upasuaji wa hadubini, hata hivyo, una hesabu tofauti kidogo, na nadhani hapa ndipo penye matumaini ya kweli.

Kipande cha nyama kilichohamishiwa ugokoni hakitegemei mshipa wake milele. Baada ya wiki kadhaa, vijishipa vipya huota kutoka sehemu ya mguu kilipolazwa na kingo za ngozi inayokizunguka, vikaanza kukilisha. Wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi wanalijua jambo linalofanana: kipando kinamwagiliwa kwa mkono mwanzoni, mpaka mizizi ishike. Kama mshipa wa mgeni utabaki wazi kwa wiki hizo, hata ukiziba baadaye huenda nyama imekwisha kujitegemea. Kinga kuukataa mshipa huchukua siku na wiki, donge huja katika saa na siku za mwanzo. Kwa hiyo katika kazi hii adui wa kwanza ni donge, na utando ulio hai, hata kama utakataliwa mwezi ujao, una thamani kubwa leo. Majaribio mengi ya jambo hili yamefanywa kwa panya, ambaye ateri ya paja lake ina upana wa takriban milimita 1, sawa na kidole chetu. Tatizo ni kwamba si kila kitanda kinaotesha vijishipa. Nyama iliyolazwa juu ya chuma, au juu ya mfupa mtupu wenye usaha, inaweza kuendelea kutegemea daraja lake kwa muda mrefu sana, na daraja likianguka nayo inaanguka.

Dawa za kupunguza kinga zingeweza kurefusha maisha ya mshipa, lakini kumpa kijana mzima dawa zinazomfungulia mlango wa maambukizi ili kuokoa kidole kimoja si biashara ya haki. Njia nyingine ni kuosha seli zote za mtoaji kwa sabuni maalumu na kubaki na kiunzi kitupu, ambacho seli za mpokeaji zitahamia. Kinga haina wa kumkamata tena. Lakini tumerudi kwenye kolajeni iliyo wazi, katika tundu la milimita moja.

Kuhusu kupata mishipa yenyewe, watu hudhani kikwazo kitakuwa umeme. Mtungi wa naitrojeni hautegemei umeme. Unategemea kuongezewa naitrojeni kabla haijapungua kupita alama, kazi ambayo wataalamu wa uhimilishaji hufanya kwa kijiti cha kupimia na daftari. Vipimo vya mtoaji, vya virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina B na C na kaswende, ndivyo vinavyofanyiwa damu inayochangwa nchini. Kigumu ni mazungumzo. Kumwomba baba aliyempoteza mwanawe saa mbili zilizopita aruhusu mwili uguswe kabla ya kuusafirisha Kondoa au Manyoni kwa mazishi, wakati wazee wa ukoo hawajafika, si jambo la fomu na sahihi. Siwalaumu wanaokataa.

Ndiyo maana navutiwa na njia iliyotumika Ufaransa: kuchukua mishipa kutoka kwa watu walio hai, wanaofanyiwa upasuaji wa kuondoa vena zilizovimba miguuni. Sehemu nyingine za mshipa unaotolewa huwa bado nzima, na kwa kawaida hutupwa. Mwenye mshipa yuko macho, anaulizwa, anajibu mwenyewe, anapimwa, na anarudi nyumbani kwa miguu yake. Kama siku moja mtungi wa namna hii utawekwa hospitalini katika mkoa wetu, ningependa uanze na mishipa ya watu waliosema ndiyo kwa kinywa chao.

Kwa mgonjwa wa leo, daraja ni vena ya mkono wake au mguu wake, na mengi huamuliwa kabla hajamfikia daktari. Binamu yangu anaendesha pikipiki ya miguu mitatu kwa vidole vitatu vya mkono ule. Watu wakimuuliza, huwaeleza jambo ambalo hakuna aliyemweleza mama yake. Kidole kilichokatika kisafishwe uchafu kwa maji safi, kisilowekwe, kisipakwe spiriti. Kifungwe kwa shashi au kitambaa safi chenye unyevu, kiwekwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, ufungwe, kisha mfuko huo uwekwe ndani ya chombo chenye maji na vipande vya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu, na kisikaribie friza. Kikitunzwa hivyo kinaweza kusubiri hadi saa 24. Mkono mzima, wenye nyama nyingi, ukiwa kwenye joto la kawaida una takriban saa 6 tu. Na juu ya mfuko, kwa kalamu isiyofutika, iandikwe saa ya ajali.